Pikipiki inayowaka ikiwa baridi na kugoma ikishapata joto: uchambuzi wa kisa kimoja

Pikipiki ililetwa gereji Kihonda, Morogoro, ikisukumwa na vijana wawili juani. Ni ya Kichina, cc 125, injini ya mtindo wa CG, ule ambao Honda waliuanzisha mwaka 1976 na viwanda vingi vya China vikauiga. Anayeiendesha ni kijana wa bodaboda, kituo chake Msamvu. Yuko kwenye mkataba: kila jioni anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwenye chombo, na siku pikipiki ikilala, hesabu hailali.

Malalamiko yake aliyasema kwa kifupi. "Asubuhi kiki moja tu imewaka, fundi. Nikishapiga tripu mbili tatu inazima, na ikizima hapo hata upige kiki mpaka mguu uvimbe haiwaki. Nikiiacha ipoe, inawaka bila shida."

Kabla ya kuja kwangu alishapita kwa mafundi wengine. Alibadilishiwa plagi, kisha CDI (kisanduku cha umeme kinachoamua lini plagi iruke cheche), kisha koili ya plagi, mwisho kabureta nzima. Kwa hesabu yake, spea pamoja na ufundi vilikuwa vinakaribia laki moja na nusu, na tatizo liko palepale. Kijiweni wenzake walimwambia kilichobaki ni betri, kwa hiyo alikuja na pesa ya betri mfukoni.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu namna hii ya kutengeneza nakutana nayo mno kwenye pikipiki za biashara, na inawaumiza watu wanaoishi kwa kipato cha siku. Spea nne zimenunuliwa, na hakuna hata moja kati ya zile za zamani iliyopimwa kabla ya kutolewa. Zaidi ya hapo, kazi yote ilifanyika pikipiki ikiwa imepoa, yaani wakati ambao haina ugonjwa. Tatizo linaloletwa na joto hupimwa kwenye joto, pikipiki ikiwa imegoma kabisa, kabla haijapata nafuu. Dakika hizo zikishapita, fundi anabaki kubahatisha kwa pesa ya mwenzake.

Kuna jambo moja lililowachanganya mafundi waliotangulia, na wala siwaoni kuwa wazembe. Kubadilisha CDI au kabureta kunachukua muda: kufungua siti, kutoa tangi, kwenda duka la spea, kurudi, kufunga. Nusu saa imekwisha, injini imepoa. Spea mpya inafungwa, kiki inapigwa, pikipiki inawaka palepale. Fundi anaamini ameponya, kijana anaamini amepona, analipa, anaondoka. Baada ya tripu tatu wako palepale. Pikipiki ingewaka hata kama wangekaa wanapiga soga bila kugusa nati.

Maswali kabla ya spana

Nilimkalisha kwanza. Dereva anayeshinda juu ya pikipiki kutwa nzima ana habari nyingi kuliko mita yoyote, ila hazitoi mpaka aulizwe.

Inazimaje, polepole au ghafla? Pikipiki inayokosa mafuta huaga. Inapoteza nguvu, inakohoa, ukivuta choki inapata uhai kidogo, ndipo inakufa. Inayokosa cheche mara nyingi hukatika bila taarifa. Jibu lake: "Inakata palepale, utadhani mtu kazima swichi." Hilo peke yake halitoshi kutoa hukumu, lakini lilinielekeza upande wa umeme.

Je, inagoma ikiwa kwenye mwendo tu, au hata ukisimama? Akafikiri kidogo, akasema mara nyingi zaidi inagoma akishasimama. Amemshusha abiria, amezima, anasubiri chenji, akipiga kiki imekufa. Jibu hili lilinisaidia kuliko mengine yote. Injini inayopozwa na upepo hupoa kwa sababu inatembea. Ukizima, upepo unakatika, lakini joto lililomo ndani ya silinda na hedi (kichwa cha silinda) bado lipo, na sasa linasambaa kwenda kwenye vyuma vya jirani. Ndiyo maana dakika chache baada ya kuzima, koili za magneti (sumaku inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) na kabureta huwa na joto kubwa kuliko wakati pikipiki inatembea. Kinachokufa wakati huo ni kitu kinachoishi karibu na injini. CDI imefungwa kwenye fremu, mbali na silinda. Joto la injini linaifikia kidogo. Haikuwa sahihi kuanza nayo.

Ikishagoma, nini kinairudisha? Kuiacha ipoe, akasema, au maji. Alikuwa amegundua mwenyewe kwamba akiimwagia injini chupa ya maji inawaka mapema. Nilimkataza hapohapo. Silinda na hedi zenye joto kali zikimwagiwa maji baridi zinaweza kupinda au kupata ufa, na ufa wa hedi ni gharama ya aina nyingine kabisa. Hata hivyo nilimuuliza anamwagia upande gani. Wa kushoto, kwa sababu stendi ya pembeni iko kushoto na huko ndiko anakosimama. Kwenye injini hii magneti nayo iko kushoto.

Wanaofanana dalili

Kuna matatizo matatu ambayo dereva atayaeleza kwa maneno yaleyale, "ikipata joto inagoma, ikipoa inawaka," na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mfuniko wa tangi. Mfuniko una kitundu cha kuingizia hewa. Kikiziba kwa vumbi, au mtu akiweka kipande cha nailoni chini yake kuzuia mvua, mafuta yanaposhuka hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake, na baada ya mwendo fulani mafuta yanaacha kushuka. Ukiisimamisha pikipiki kwa muda hewa inapenya polepole, inawaka, na kila mtu anasema ilikuwa joto. Kipimo chake ni bure: inapogoma, fungua mfuniko. Ukisikia hewa inavutwa kwa kishindo na pikipiki ikawaka, umemaliza kazi.

La pili ni valvu zilizobana. Kwenye CG nafasi ya valvu ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, ya kuingiza na ya kutoa. Ikikosekana nafasi, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja na mchanganyiko hauwaki. Mguu unaijua hali hii: kiki inakuwa laini, inashuka bila kuzuiwa. Pikipiki hii kiki yake ilikuwa nzito ikiwa baridi, na nilitaka kujua itakuwaje ikiwa ya moto.

La tatu ni umeme wa cheche, na hapa lazima nieleze njia yake, maana bila hiyo vipimo vinavyofuata vitaonekana kama uganga.

Ndani ya mfuniko wa kushoto kuna koili kadhaa zimepangwa kwa duara, na magneti inazizunguka. Nyingi zimefungwa kwa waya mnene, hizo ni za taa na za kuchaji betri. Moja imefungwa kwa waya mwembamba mno, mizunguko mingi sana, mara nyingi ikiwa imefunikwa kwa utepe au gundi ngumu. Hiyo ndiyo koili inayoilisha CDI. Magneti inapozunguka, koili hii inatoa umeme wa volti nyingi unaokwenda kujaza kapasita, kihifadhi umeme kilichomo ndani ya CDI. Nje ya duara kuna kikoili kidogo, pulsa, kinachotoa ishara kila kinundu cha magneti kinapokipita. Ishara ikifika, CDI inaumwaga umeme ule wote kwa mpigo mmoja kwenye koili ya plagi, koili inaukuza kufikia maelfu ya volti, na plagi inaruka cheche.

Kwa mpangilio huu betri haihusiki na kuwaka kwa injini hata kidogo. Unaweza kuitoa, ukapiga kiki, ikawaka. Nilimfanyia hivyo kijana mbele ya macho yake, pikipiki ikiwa imepoa: nikachomoa betri, ikawaka, na pesa yake ya betri ikabaki salama. Tahadhari moja: zipo pikipiki ambazo CDI yake inatumia umeme wa betri, na kwa hizo betri mbovu ni tatizo la kweli. Jaribio hilohilo la kuchomoa betri ndilo litakaloonyesha una aina ipi.

Kabla ya kutoka niliipima ikiwa baridi, nipate namba za kulinganisha. Nyaya zinazotoka kwenye magneti kwenda kwenye CDI zina soketi yake, nikaichomoa. Kwa rangi ambazo zimezoeleka kwenye pikipiki hizi, mweusi wenye mstari mwekundu ni wa koili ya kuilisha CDI, wa bluu wenye mstari mweupe ni wa pulsa, wa kijani ni wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi), mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia, na mweusi wenye mstari wa njano unakwenda kwenye koili ya plagi. Rangi si msahafu. Pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi wengi inaweza kuwa na waya wa rangi yoyote, kwa hiyo fuata waya kwa kidole mpaka mwisho wake. Mita ilisoma omu (kipimo cha upinzani wa umeme) 410 kwenye koili ya kuilisha CDI na omu 128 kwenye pulsa. Zote nzima. Fundi ambaye angeishia hapo angesema magneti haina tatizo, na namba zingemuunga mkono.

Nilikagua pia ethi ya CDI, kwa sababu aliyefunga CDI mpya alisokota waya wa kijani na kuuzungushia utepe bila kuuchomelea risasi. Kutoka hapo hadi kwenye bodi ya injini mita ilisoma chini ya omu moja. Ulikuwa umeshika, ila niliuchomelea vizuri baadaye; kiungo cha namna ile hakitafika masika ijayo.

Barabarani, ikiwa imekufa

Tulichukua mita, spana ya plagi, plagi moja ninayoijua ni nzima, bisibisi, kitambaa na chupa ya maji. Kijana akaendesha, mimi nyuma, mchana wa jua kali, barabara ya Dodoma kuelekea Mkundi, gia za chini ili injini ifanye kazi. Pikipiki haikuzima njiani. Nikamwambia asimame kivulini, azime, tusubiri kidogo kama anayesubiri chenji. Alipopiga kiki, kimya. Akapiga tena na tena, kimya. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilibidi ifanyike haraka kwa mpangilio, kwa sababu kila dakika injini ilikuwa inapoa.

Mfuniko wa tangi: nikafungua, hakuna hewa iliyovutwa, kiki ikapigwa tangi likiwa wazi, haikuwaka. Mfuniko ukaondoka kwenye orodha.

Mafuta: chini ya bakuli la kabureta kuna kiskrubu cha kumwagia. Nikakilegeza juu ya chupa tupu, mafuta yakatoka kwa mtiririko mzuri bila kukatika, na chini ya chupa hakukuwa na tone la maji. Nikakifunga. Nikalowesha kitambaa na kuizungushia kabureta kuipoza, kiki ikapigwa, hakuna mabadiliko.

Mgandamizo: kiki ilikuwa nzito vilevile kama asubuhi. Valvu nazo zikaondoka, angalau kwa siku hiyo.

Plagi: ilitoka imelowa na inanuka petroli. Mafuta yanafika ndani, hayachomwi. Nikaweka plagi yangu kwenye kofia, nikaibana vizuri kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki nikitazama ncha yake kivulini. Hakuna cheche. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu wanayapuuza na yanaumiza. Petroli inayopulizwa kutoka kwenye tundu la plagi inaweza kushika moto, kwa hiyo plagi iwekwe mbali na tundu, na tundu lifunikwe kwa kitambaa. Na plagi lazima iguse bodi sawasawa wakati wa kupiga kiki. Ikining'inia hewani, umeme wa koili unatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa kupitia CDI au mkono wako.

Waya wa kuzimia: nikauchomoa mweusi wenye mstari mweupe kutoka kwenye CDI. Waya huu ukigusa bodi popote, kwenye swichi ya ufunguo au kwenye usukani, injini haiwaki hata kama kila kitu ni kizima. Ukiwa umechomolewa, swichi zote zimetolewa kwenye kesi. Kiki ikapigwa, bado hakuna cheche.

Ndipo nikachomoa soketi ya magneti na kuchomeka mita. Pulsa ikasoma omu 155. Wapo watakaoshtuka kuona imepanda kutoka 128, na hapa wengi huhukumu pulsa bure. Shaba ikipata joto upinzani wake hupanda, takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa joto lililokuwa kwenye magneti wakati ule, 155 ndiyo namba niliyotarajia kutoka kwa pulsa nzima. Kwa hesabu hiyohiyo, koili ya kuilisha CDI ilipaswa kusoma karibu omu 500.

Nikahamishia ncha ya mita kwenye mweusi wenye mstari mwekundu. Mita ikaandika 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo, namna mita za bei nafuu zinavyosema njia imekatika. Nikabadilisha kiwango cha mita kwenda juu kabisa. Bado 1. Koili iliyokuwa omu 410 saa moja nyuma sasa haikuwa na njia ya umeme kabisa.

Sikutaka kuishia hapo. Niliziacha ncha za mita zimebanwa kwenye soketi kwa vibanio, nikakamua maji kwenye kitambaa, nikakilaza juu ya mfuniko wa kushoto tu, bila kugusa silinda. Tukakaa tunaangalia kioo, kijana amechuchumaa karibu kuliko mimi. Kwa muda ilibaki 1. Kisha ikarukaruka, ikaonyesha namba ya mia sita na kitu, ikapotea, ikarudi 1, halafu ikatulia kwenye 470 na kuanza kushuka taratibu kadiri mfuniko ulivyopoa. Nikarudisha soketi na plagi, kiki ya kwanza ikawaka.

"Kumbe ndiyo maana maji yalikuwa yanasaidia," kijana akasema. Alikuwa sahihi. Maji yake yalikuwa yanapoza koili hii, kwa gharama ya kuhatarisha hedi.

Kuhusu CDI niseme neno, kwa kuwa ndiyo spea inayobadilishwa hovyo kuliko zote. Mita ya kawaida haiwezi kuthibitisha kama CDI ni nzima. Kinachowezekana ni kuthibitisha vinavyoizunguka: koili ya kuilisha inafika, pulsa inafika, ethi imeshika, waya wa kuzimia umechomolewa, koili ya plagi ni nzima. Vyote vikiwa sawa na cheche hakuna, hapo ndipo CDI inahukumiwa. Kuanza na CDI ni kuanza na kitu pekee usichoweza kukipima.

Ndani ya mfuniko

Tulirudi gereji, tukaiacha ipoe, tukafungua mfuniko wa kushoto. Kwenye baadhi ya injini mafuta ya injini humwagika ukifungua hapo, kwa hiyo weka beseni na uwe na gasketi mpya mkononi. Kama magneti imefunika koili, itolewe kwa pula yake, kifaa cha kuivutia nje. Kuigonga kwa nyundo kunaweza kupasua sumaku au kuharibu ufunguo wa shafti, na ufunguo ukiharibika magneti inahama mahali pake, cheche inakuja wakati usio wake, nawe umejitengenezea tatizo jipya la kutowaka.

Niliichana koili taratibu kwa wembe. Juu haikuwa na alama yoyote ya kuungua. Kasoro ilikuwa mwanzoni kabisa, pale waya mwembamba unapochomelewa kwenye mguu wa koili: waya ulikuwa umekatika chini ya gundi, ncha zake mbili zimegusana, na pale kwenye mguso pana ukijani wa kutu ya shaba. Zikiwa baridi zinagusana na umeme unapita. Vyuma vikitanuka kwa joto, ncha zinaachana. Mtikisiko wa barabara za vumbi na kupanda na kushuka kwa joto kila siku ndivyo vilivyoukata.

Njia za kutengeneza zilikuwa tatu. Kuchomelea upya ule mwanzo wa waya: inawezekana, nimeona watu wakifanya, lakini waya uliokwishalika hapo utakatika tena pembeni kidogo. Kumpelekea fundi wa kusuka koili: kazi nzuri kama fundi ni mzuri, ila ni kumweka kijana bila kazi na hesabu inamsubiri. Ya tatu ni kununua sahani nzima inayobeba koili zote, iliyouzwa shilingi 35,000. Ya kutumika ingepatikana kwa bei nafuu, ila koili iliyokwishatumika ina umri uleule na ugonjwa wake unaweza kuwa uleule. Nilimshauri mpya, akakubali, akatumia ile pesa ya betri.

Mpya nayo sikuiamini kwa kuwa tu imetoka kwenye boksi. Dukani tuliipima, ikasoma omu 395 kwenye koili ya kuilisha CDI. Gereji tukaitia kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, nyaya zikabaki nje, tukaizamisha kwenye sufuria ya maji ya moto tuliyoomba kwa mama ntilie jirani. Namba ikapanda pole pole, bila kuruka, mpaka karibu 480 ikatulia. Hivyo ndivyo koili nzima inavyofanya. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi kuliko kufunga spea mbovu na kuifungua tena, na ningependa kukiona kwenye kila gereji.

Tukafunga sahani, tukahakikisha waya haugusi magneti na pulsa haikwaruzwi, tukaweka gasketi, tukaongeza mafuta ya injini yaliyopungua. Kwa kuwa injini ilikuwa imepoa nilipima na valvu. Ya kutoa ilikuwa imebana kidogo, nikairudisha kwenye 0.08. Mwanya wa plagi nao nikauweka kati ya milimita 0.6 na 0.7. Hayo mawili hayakuwa chanzo cha kugoma, ila pikipiki ya biashara ikishafunguliwa haifai kurudi na kasoro inayoonekana kwa macho.

Majaribio yakawa yaleyale ya kwanza, maana matengenezo hayathibitishwi kwa kuwaka gereji. Jua lilelile, barabara ileile, gia za chini, tukasimama pale kivulini, tukazima, tukasubiri. Kiki moja, ikawaka. Tukarudia kuzima na kusubiri kwa muda mrefu zaidi, ikawaka. Kabla ya kuondoka nilichomoa soketi, nikapima koili ikiwa ya moto: omu 478.

Zilibaki spea zake za zamani, ambazo kijana alikuwa na akili ya kuzidai kwa mafundi na kuzihifadhi kwenye mfuko chini ya kitanda. Alizileta kesho yake. CDI ya zamani tuliifunga, ikawaka. Koili ya plagi ya zamani, ikawaka. Plagi ya zamani ilihitaji brashi tu. Zote tatu zikabaki kwake kama akiba. Kabureta ya zamani tuliifungua, tukasafisha jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) na chujio, na hiyo ndiyo tuliyoirudisha kwenye pikipiki moja kwa moja, kwa sababu ile mpya ilikuwa na jeti kubwa kuliko inayohitajika: sailensa ilikuwa imeshaanza kuweka masizi meusi, na tangu ifungwe kijana alikuwa akijaza mafuta mara nyingi zaidi bila kujua kwa nini. Ile mpya aliiuza kijiweni siku hiyohiyo, akapunguza sehemu ya deni la hesabu alilokuwa amelimbikiza.